Mrithi wa Shimo la Polh

Jumatatu, 19 Septemba

Jana mezani, katikati ya viazi na kabichi chachu, Babu Lojze aliweka uma chini. Babu haweki uma chini. 

Alisema goti lake limekwisha. Mwaka huu ndio wa mwisho kwake kupanda mlimani. Msimu wa kuwinda polh ukifunguliwa, Jumamosi ya tarehe mosi, atamchukua mjukuu mmoja na kumwonyesha shimo.

Shimo! Kila ukoo hapa Mrzli Dol una shimo lake huko juu msituni: ufa katika mwamba, ambamo polh, wanyama wadogo wa mitini tunaowawinda, huingia kulala miezi yote ya baridi, na ambamo hutoka jioni za vuli wakiwa wamenona kama mikate iliyotoka tanuri. Shimo la ukoo halichorwi wala halisimuliwi. Babu hulionyesha kwa mjukuu, mmoja tu, na huyo naye hunyamaza mpaka azeeke. Mama yangu ameishi nyumba moja na Babu tangu aolewe, na hajui hata liko upande gani wa mlima.

Wajukuu tuko wawili. Kuna Rok, binamu yangu. Mabega mapana, pikipiki, anajua kupiga mluzi kwa vidole viwili. Na kuna mimi, Tadej. Miwani. Najua vitenzi vya Kilatini.

Babu alipomaliza kusema alimtazama Rok. Kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama viazi vimenitosha.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Nilipokuwa mdogo walinipeleka kwenye moto wa wawindaji, wakafungua mtego wenye polh aliyekufa mbele yangu, nami nikalia mbele ya wanaume wote wa kijiji. Tangu siku ile Babu hazungumzi nami lolote isipokuwa chakula. Umeshiba? Ongeza supu. Mkate uko pale. Kwa Rok anazungumza habari za theluji, za miti, za watu waliokufa. Ninachotaka ni sentensi moja ya Babu isiyo na supu ndani yake.

Nitalipata shimo hilo. Nguvu sina, lakini akili ninazo. Mipango inaanza kesho.

Jumatano, 21 Septemba

Mpango wa kwanza: elimu.

Nimesoma yote yanayohusu polh katika maktaba ya shule. Ni kama kindi aliyeacha mazoezi. Kijivu mgongoni, mweupe tumboni, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, macho makubwa meusi ya mtu aliyeletewa habari mbaya. Katika jamaa zake wote wa Ulaya ndiye mkubwa kupita wote. Mwaka ambao miti ya bukev haizai njugu, yeye naye hazai. Hula kidogo, akalala. Ninamheshimu kwa hilo.

Jina lake la kitabuni, la Kilatini, ni neno lile lile limeandikwa mara mbili, kana kwamba mtaalamu alisinzia katikati ya kumpa jina, akazinduka, akaanza upya. Kwa Wakroati, ng'ambo ya mpaka, anaitwa puh, kama mtu anayezima mshumaa. Kwetu ni polh, na polh pia ni mtu yeyote asiyeamka asubuhi. Rok huniita hivyo. Mwalimu wa hesabu naye aliwahi kuniita hivyo mara moja, natumaini ulimi uliteleza.

Nikiwa na silaha hizo nilimwendea Babu kwenye benchi lake mbele ya nyumba. Nikaanza na meno. Babu alifumba macho. Ishara njema, nikadhani, anatafakari. Nilipofika kwenye tumbo na utumbo nikagundua anakoroma.

Akaamka, akatazama mlima, akasema kwa utulivu kwamba bukev zimezaa sana, kwa hiyo Mwenyewe atashusha kundi kubwa. Mwenyewe ni shetani. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba polh ni mifugo ya shetani, kwamba huwashusha mlimani kwa mjeledi, na kwamba wale anaowapenda huwachana sikio ili asiwapoteze.

Ningenyamaza tu! Badala yake nikamweleza, kwa upole na kwa ushahidi, kwamba masikio huchanika madume wanapopigana.

Babu aligeuza uso kutoka mlimani.

“Basi ukikutana naye huko juu,” akasema, “mwambie hayupo.”

Kisha akaniuliza kama nimekula. Wakati huo Rok alikuwa uani akimpasulia Babu kuni. Alikuwa amevua shati. Kuna baridi! Hakukuwa na sababu yoyote ya kuvua shati.

Alhamisi, 22 Septemba

Mpango wa pili: ufundi. (Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto.)

Niliamua kutengeneza mtego wangu mwenyewe, wa aina ya zamani anayoipenda Babu. Kisanduku cha mbao, tundu la kupitishia kichwa, springi ya chuma, na ndani kipande cha tofaa kilichochovywa kwenye brandi ya mapea. Kwenye mchoro ulipendeza mno. Sasa mtego hauwezi kwenda mlimani bila kujaribiwa. Hilo ni jambo la kisayansi. Kwa nini niliujaribu kwa kidole changu cha kuandikia, na si kwa kijiti, sayansi haielezi.

Unafanya kazi.

Mama alinitoa kwa bisibisi. Akanifunga kitambaa kikubwa kiasi kwamba kidole sasa kinafanana na kitunguu. Akaniuliza ninatafuta nini katika maisha haya. Nikajibu: heshima. Akasema heshima haitafutwi kwa kidole.

Rok alipita kuazima pampu. Alikitazama kidole, akautazama mtego, akajiegemeza mlangoni kama mtu aliyekaribishwa sinema.

“Binamu,” akasema, “msimu haujafunguliwa. Wakikukuta umejinasa mwenyewe sasa hivi, utalipa faini.”

Nimetafuta jibu la kumrudishia. Nimelipata sasa hivi, baada ya chakula cha jioni, na ni zuri sana, ila Rok amekwisha kwenda zake.

Jumapili, 25 Septemba

Mpango wa tatu. Huu ni wa hali ya juu. 

Baada ya misa, mlangoni mwa kanisa, Bibi Francka alilalamika kwamba ana polh darini. Bibi Francka ni jirani yetu, mshona kofia za manyoya ya polh, na kusema kweli naona polh huyo ana ujasiri mkubwa kuchagua dari ile. Kila akilala anasikia kama mtu anaviringisha jozi sakafuni. Kuua bado ni marufuku, anataka tu atolewe akiwa hai. Kabla Rok hajafungua mdomo nikasema: mimi!

Kijiji kizima kilinitazama. Bibi Francka aliuliza kama hakuna mwingine.

Mpango ni huu. Namtoa polh. Namficha chumbani hadi Jumamosi. Jumamosi asubuhi namtia mtegoni, halafu namwita Babu aone: mjukuu wake amekuwa wa kwanza bonde zima kunasa! Na anayenasa wa kwanza, watu wote humnyanyulia glasi.

Nilipanda darini na glavu na foronya. Polh alikuwa ameketi kwenye boriti. Akanitazama kwa yale macho ya habari mbaya. Nikamshika mkia.

Kuna ukurasa mmoja niliuruka kitabuni, nikiuona hauna umuhimu. Unaeleza kwamba polh akishikwa mkia huuacha. Huuacha tu, kama mtu anavyoacha koti mikononi mwa mdai, akaenda zake. Nilibaki nimesimama darini na kipande cha mkia mkononi, nikijihisi mhalifu. Nikainama kumwomba radhi. Akaniuma kidole kingine.

Mwishowe aliingia kwenye foronya kwa hiari yake, kwa sababu nilikuwa nimeweka humo kipande cha keki ya jozi nilichopewa na Bibi Francka. Kwa hiyo si kweli kwamba nimemkamata. Tumekubaliana.

Sasa yuko kabatini mwangu. Mnene, mkia nusu, sikio la kushoto limechanika. Nimempa jina Profesa. Nina vidole viwili vyenye vitambaa. Mama alivuta tu pumzi.

Jumatano, 28 Septemba

Profesa anakula kuliko Rok. Amemaliza jozi zote za Mama, mapea makavu, soksi moja, na kamusi yangu ya Kilatini kuanzia mwanzo hadi karibu nusu. Anafanya kazi gizani. Kwa hiyo mimi silali. Kwa hiyo nalala darasani. Leo darasa zima limeniita polh, kwa pamoja, kama kwaya.

Hata hivyo tumezoeana. Jana alikula tofaa nikiwa nimelishika. Ananitazama kama anayenielewa, au kama anayenipima uzito. Nimeanza kufikiri kwamba Jumamosi, Babu akishaona, nitaomba aachiwe.

Saa hizi, nimerudi kutoka shuleni, nimefungua kabati: hayupo! Nyuma ya kabati kuna tundu la ukubwa wa ngumi, limechongwa vizuri kuliko mtego wangu.

Nimetafuta kila mahali. Mama alinikuta nimelala kifudifudi chini ya jiko, akauliza natafuta nini. Nikasema soksi. Akasema soksi haziachi vinyesi.

Ijumaa, 30 Septemba

Nimempata Profesa. Sote tumempata.

Leo jioni walikuja Rok na wazazi wake, na Bibi Francka, kwa sababu Babu alikuwa anajaribu kofia yake kabla ya kesho. Ni kofia ya manyoya ya polh, kuukuu, mikia inaning'inia nyuma, na Bibi Francka aliibadilishia bitana wiki iliyopita. Tangu hapo imetundikwa kwenye msumari nyuma ya jiko, mahali penye joto.

Babu aliivaa. Wote wakasifu. Bibi Francka alimzunguka akihesabu mikia, kisha akakunja uso, akasema kuna mmoja hakumbuki kuushona.

Kisha kofia ikapumua.

Babu hakutikisika. Alibaki ameketi wima kama anapigwa picha.

“Francka,” akasema taratibu. “Kofia hii ilikufa mwaka niliooa.”

Profesa alizinduka. Nadhani alisikia baridi, maana alitoka nyuma ya kofia, akashuka shingoni, akaingia ndani ya shati. Babu, ambaye hajainua goti tangu Pasaka, aliinua magoti yote mawili. Benchi lilianguka. Mama alipanda juu ya kiti. Nani aliyemkamata? Rok, bila shaka, kwa mkono mmoja, bila hata kutema tofaa alilokuwa analitafuna.

Babu akaliona lile sikio. Rangi ikamtoka. Akavua kofia, akaamuru mnyama atolewe nje kwa adabu, apewe kipande cha tofaa, na mtu yeyote asimpe mgongo. Tukasimama mlangoni sote tukirudi kinyumenyume. Profesa alikula tofaa lote palepale, bila haraka, kisha akaondoka bila kuaga.

Babu akauliza ni nani aliyeleta mnyama wa Mwenyewe ndani ya nyumba hii. Hakuna aliyenitaja. Walitazama tu vidole vyangu.

Nikakiri yote, hata ile keki. Rok alicheka mpaka akaegemea jiko, akaungua kiganja. Kidogo tu. Ndiyo furaha pekee niliyoipata leo.

Basi nimekwisha, nikawaza. Nikapanda chumbani kuanza maisha ya mtu asiye na shimo.

Wageni walipoondoka, mlango ukagongwa. Babu. Hajawahi kuja chumbani kwangu. Alisimama akilitazama lile tundu kabatini, nadhani kwa kuvutiwa. Akasema kesho baada ya chakula cha mchana nivae viatu vya maana. Nilidhani ananipeleka kumwomba shetani msamaha. Akasema hapana, shimoni.

Nikauliza kwa nini mimi.

“Rok ana marafiki bonde zima. Nikimwonyesha mchana, jioni wanalijua mpaka Trieste. Wewe una nani wa kumwambia?”

 Nikasema, Mama.

“Mama yako anajua kunyamaza. Haya, lala.”

Nimechaguliwa! Ni kwa sababu sina rafiki, lakini nimechaguliwa! Miaka yote ile ya kukaa peke yangu kwenye benchi la mwisho, kumbe nilikuwa kwenye mafunzo.

Jumapili, 2 Oktoba

Naandika nikiwa nimesimama. Sababu itaonekana.

Jana tulipanda. Babu na fimbo yake, mimi na viatu vya maana. Aliniambia sheria ni moja. Njia inakaa kichwani. Hakuna karatasi, hakuna alama, hakuna kukata gome la mti. Anayeweka alama anagawa shimo.

Nikasema naam, Babu. Lakini mimi ni mtu ninayepotea nikienda kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, nao uko ndani ya shule. Tulipita uwazi wa chini, pale pasipo miti, tukakunja kushoto kwenye bukev, kisha kulia kwenye bukev, kisha kwenye bukev nyingine iliyofanana na zile kama pacha. Jasho likanitoka. Ikiwa nitalisahau shimo la mababu wote, nani atanisamehe?

Mfukoni nilikuwa na donge la sufu nyekundu la Mama. Nililichukua kwa dharura tu. Kila tulipokunja, Babu akiwa amenipa mgongo, nikafunga kiuzi. Kidogo sana, kisichoonekana. Yaani nilikusudia kiwe kidogo. Vidole vikiwa na vitambaa, fundo dogo halifungiki, kwa hiyo yalitoka maua makubwa kama ya zawadi ya harusi.

Shimo lenyewe si kubwa. Ni ufa chini ya mwamba wenye kuvumwani, unaoweza kuzibwa na gunia. Babu alivua kofia. Akaweka mkono mdomoni mwa ufa, akaniambia niweke wangu. Mlima unapumua! Pumzi baridi, yenye harufu ya jiwe na jozi. Akanitajia waliokuwa nalo kabla yetu. Mmoja alivunjika mguu palepale, mwaka wa theluji kubwa. Mmoja alijificha humo wakati wa vita, polh wakampita miguuni mpaka akazoea kulala nao.

“Sasa ni lako,” Babu akasema. “Mimi nimekuja kuaga.”

Hapakuwa na supu popote katika sentensi hiyo.  Nilikuwa natafuta jibu linalofaa wakati tuliposikia kodiani.

Kila mwaka, siku ya kufungua msimu, chama cha wawindaji huwasha moto wa pamoja kwenye uwazi wa chini. Na ili wageni wasipotee, hufunga utepe mwekundu kwenye miti kuanzia kanisani hadi mahali pa moto. Jambo hili nalijua tangu nizaliwe. Niliwahi hata kusaidia kuufunga. Utepe wa chama uliishia kwenye uwazi wa chini. Na hapohapo ndipo ilipoanzia sufu ya Mama.

Kodiani ikapanda. Nyuma yake akaja Rok na taa. Nyuma ya Rok, Bibi Francka akiwakaripia wanaume wawili waliobeba sufuria la mchuzi. Kisha padri. Kisha nusu ya bonde, na wageni kutoka Ljubljana wenye viatu vyeupe, mmoja akiuliza kama choo kiko mbali.

“Babu! Kumbe mwaka huu sherehe ni huku juu?” Rok akasema. “Hata utepe mmebadilisha. Mzuri, wa kufumwa.”

Alikuwa ameuvaa shingoni.

Babu aliutazama ule uzi. Akanitazama mimi. Kutoka mfukoni mwangu sufu ilikuwa inaning'inia mpaka chini, ikaburuta nyuma yangu kwenye majani, ndefu, nyekundu. Nilijua sasa Profesa alijisikiaje darini. Lakini yeye aliweza kuuacha mkia akaenda.

Nilisubiri Babu anilaani mbele ya watu wote. Badala yake alirudi hatua nyuma, akakunjua koti lake, akaketi. Juu ya shimo.

Akawatangazia watu kwamba goti limekufa, haendi popote, wauwashe moto hapahapa. Kisha kwa pembe ya mdomo:

“Kaa. Upande wa kushoto bado uko wazi.”

Nikakaa.

Wakawasha moto. Watu wakala, wakacheza. Sisi hatukuweza kuinuka. Padri alikuja kumsalimu Babu, na Babu, anayemwinukia hata mtoto wa padri wa kijiji cha jirani, mtoto ambaye wanasema hayupo, hakuinuka. Padri alisema hajawahi kuona maumivu yakivumiliwa kwa subira namna hiyo. Bibi Francka alituletea sahani. Mama alinitazama kutoka ng'ambo ya moto, akaona sufu, akaona nilivyokaa, akaelewa kila kitu, na akanyamaza. Babu yuko sahihi juu yake.

Tatizo ni kwamba jioni ndiyo saa ya polh kutoka. Na mwaka huu bukev zimezaa sana.

Kwanza walikwaruza. Kisha wakasukuma. Kisha mmoja akauma. Sikulia! Sikupiga kelele! Niliimba. Kodiani ilikuwa inapiga, nami nikaingia kwenye wimbo kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na watu wakageuka, maana hawakujua kuwa naimba. Siimbi. Muda mfupi baadaye Babu naye akaingia kwenye wimbo, kwa sauti ya juu kupita yangu. Watu walifurahi sana. Walitudai wimbo mwingine, na kutoka chini tukasaidiwa kuuanza.

Kati ya nyimbo tulizungumza. Tungefanya nini? Hatukuwa na pa kwenda. Nikamwomba radhi kwa uzi. Akasema uzi ni uzi. Nikamwambia pia kwamba najua alitaka Rok, na kwamba mimi ni yule aliyelia.

Babu aliutazama moto.

“Mimi nililia kwenye mtego wangu wa kwanza. Babu yangu akaniambia ninywe supu.” Akakunja uso, nadhani polh alikuwa anamuuma. “Wewe ulipolia, sikujua kingine cha kukuambia.”

Nikataka kusema jambo kubwa. Nikaumwa. Nikaimba.

Moto ulipoisha watu walishuka. Hakuna aliyejua, ila Mama. Rok alisema haijawahi kutokea sherehe tamu kama hii, akauliza kama mwakani itakuwa hapahapa. Babu akamjibu hapana, mahali hapa pana upepo unaotoka chini.

Tukashuka wa mwisho. Kwa kila ua jekundu Babu alisimama, akaegemea fimbo, akanisubiri nilifungue.  Kufunga kwa vidole vile ni kugumu. Kufungua ni kugumu zaidi.

Jumanne, 4 Oktoba

Tumelala kifudifudi, Babu na mimi, kwenye vitanda viwili katika chumba kimoja, ili Mama asipande ngazi mara mbili. Anatupaka mafuta ya polh, ambayo hapa kwetu hutibu kila kitu, na inaonekana hata meno ya polh wenyewe. Shuleni ameandika kwamba nina homa.

Babu anazungumza tangu asubuhi. Theluji, miti, watu waliokufa. Nimejifunza kwamba babu wa babu yake naye alikuwa mjinga kabisa. Ni siku nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa kitandani.

Shimo bado ni langu. Nilimuuliza. Akasema nimelikalia kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote katika ukoo, litakuwa limenizoea. Lakini akanitaka niape: hakuna tena sufu nyekundu msituni. Nikaapa kwa moyo wangu wote. Akalala, akikoroma kifudifudi.

Basi nikapata nafasi ya kufikiri kwa utulivu. Njia nimekwisha kuisahau. Baada ya bukev ya tatu sikumbuki lolote, na kumwuliza tena ni aibu. Nikarudia kila hatua ya tukio lile, bila kujihurumia, kama inavyompasa mtu mwenye elimu, na nikaliona kosa liko wapi.

Kosa ni rangi.

Sufu ya kijani! Msitu ni wa kijani. Kijani juu ya kijani, nani ataiona? Nimemtuma Mama dukani, nikamwambia nataka kujifunza kufuma. Ameniletea donge moja. Kabla ya kunipa alikwenda dirishani, akavuta pazia, akanigeuza kichwa kwa mikono yake miwili, akaniambia niutazame mlima.

Nikautazama. Bukev zote zimegeuka manjano tangu Jumamosi, kutoka chini mpaka kileleni, na nyingine zimeanza kupukutika. Ni uzuri wa ajabu. Nimemshukuru kwa kunionyesha.

Kisha nikamwomba aniongezee donge la pili, maana njia ni ndefu.